Mgagani Hautaki Haraka

Anayeuona mgagani kwa mara ya kwanza kwenye meza ya muuza mboga huuliza swali lile lile, tena kwa sauti ya chini: hii si bangi? Muuzaji amelisikia swali hilo hadi limemchosha. Jani moja limegawanyika vijani vitano vinavyotokea mahali pamoja, na fungu zima likishafungwa, asiyejua ana haki ya kushtuka. Ukilisogeza karibu na macho tofauti inaonekana. Vijani vya bangi ni vyembamba na kingo zake zimechongoka meno ya msumeno. Vya mgagani ni vipana, vimetanuka kuelekea nchani, na kingo zake ni laini au zina vijimeno vidogo mno. Bua lake lina vinyweleo vyenye utomvu unaonata. Ukivunja kikonyo, hutoka harufu inayokaribia ya haradali, yenye ukali unaopanda puani, na harufu hiyo itabaki vidoleni hata baada ya kunawa.

Wapo wanaofukuzwa na harufu. Wanaobaki hufukuzwa na uchungu. Ndiyo maana kwa watu wengi wa miji ya pwani, ambako majani ya kawaida ni mchicha, kisamvu, matembele, majani ya maboga na siku hizi chainizi, mgagani umebaki kuwa mboga ya "watu wa bara", inayonunuliwa na wanaoijua na kurukwa na wengine wote. Mimi ni mtu wa Tanga, nimelelewa kwa mchicha wa nazi, na mgagani nimeujua ukubwani. Nilichojifunza ni kwamba sifa mbaya ya mboga hii imeletwa na mapishi ya haraka. Mchicha unasamehe, ukiutupa kwenye mafuta yenye kitunguu ukauacha dakika chache, utakula. Mgagani ukiufanyia hivyo utakuadhibu, nawe utaondoka mezani ukisema mboga ni mbaya.

Jirani yetu mmoja, mama wa makamo kutoka Rorya mkoani Mara, ndiye aliyenifungua macho. Nilimkuta barazani anachambua majani kwenye ungo, nikamwamkia, nikauliza ni mboga gani.

"Marahaba mwanangu. Hii ni dek. Ninyi mnaiita mgagani, ila hamuili."

"Nasikia ni chungu, Mama."

"Chungu, ndiyo. Na maziwa je, Mungu aliyaumba ya nini?"

Jibu hilo lina elimu kubwa kuliko lilivyosikika siku ile. Kuanzia Rorya, ukivuka mpaka na kuzunguka upande wa mashariki wa Ziwa Victoria hadi Kisumu, Kisii, Kakamega na juu kwa Wakalenjin, unapita katika nchi ambamo mgagani na maziwa havitenganishwi. Waluo huuita dek, Wakisii chinsaga, Wakalenjin saget, na jina hilo la mwisho ndilo utakalolisikia zaidi kwa mama mboga wa Nairobi. Waacholi wa kaskazini mwa Uganda wanaujua kwa jina la akeyo. Rwanda ni isogi. Ukishuka kusini, Zimbabwe wanaula kwa jina la nyevhe, na kaskazini mwa Namibia Waovambo huuita ombidi, wakauchemsha, wakaufinyanga kuwa mikate ya duara na kuianika juani iwafae msimu wa kiangazi. Kwa hiyo mboga tunayoiona ngeni imesambaa karibu nusu ya bara, na wageni wake ni sisi wachache wa mwambao.

Kisii ndipo heshima yake ilipo kubwa. Huko chinsaga ni chakula cha mzazi: mwanamke aliyetoka kujifungua hupikiwa ili, kama wasemavyo wenyewe, arudishe damu na apate maziwa ya mtoto. Pia ni mboga ya kumwekea mgeni wa maana. Mgeni akipewa kabichi hatalalamika, lakini atajua amepimwa kiasi gani.

Uchungu wenyewe unatoka wapi? Sehemu yake ni tanini na jamaa zake, kemikali zile zile zinazokausha ulimi unapotafuna ganda la embe bichi. Sehemu nyingine ni glukosinolati, na hapa mgagani unajitambulisha ukoo wake. Wataalamu wa mimea wanauweka katika oda moja na kabichi, sukuma wiki na haradali, na katika oda hiyo hiyo wamo mlonge na, usishangae, mpapai. Jani likiwa zima, kemikali hizo zimetulia. Likikatwa, likipondwa au likitafunwa na mdudu, kimeng'enya kinakutana nazo na kuzivunja, ndipo unapotoka ule ukali wa puani. Ni silaha ya mmea dhidi ya walaji wake. Watafiti wa Kenya, wakiwamo wa kituo cha ICIPE jijini Nairobi, walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba hata kupe huukwepa. Walimjaribu kupe yule anayeeneza ndigana kali kwa ng'ombe, na mafuta yatokanayo na mgagani yakamfukuza.

Basi jikoni swali ni moja tu: silaha hiyo utaifanyaje? Kuna kambi mbili, na ubishi wao ni mkali.

Kambi ya kwanza humwaga maji. Majani huchemshwa, maji ya kijani yenye uchungu yakamwagwa, yakatiwa mengine, yakamwagwa tena, hadi jani likakosa la kusema. Ndipo linakaangwa kwa kitunguu na nyanya. Nimekula mgagani wa namna hiyo kwenye migahawa ya mjini na, niseme wazi, ni hasara tupu. Kilichobaki ni nyuzi za kijani zisizo na ladha yoyote, na mwenye kuijua mboga atakuuliza kwa nini hukununua mchicha ukaokoa mkaa. Vitamini C, ambayo huyeyuka majini na haipendi moto mrefu, nayo huwa imekwisha kwenda na maji. Karotini, ile inayogeuka vitamini A mwilini, haiyeyuki majini, hivyo hubaki jani likiwepo. Lakini nayo inahitaji mafuta ili mwili uipokee vizuri, na hapo ndipo kambi ya pili inapoanza kuonekana ina akili.

Kambi ya pili haimwagi, au humwaga mara moja tu. Yenyewe hutafuta wa kumpatanisha mgagani na ulimi. Wa maziwa ndio wataalamu wakubwa wa njia hii, na maelezo ya kisayansi yapo: protini za maziwa hushikamana na tanini kabla tanini hazijashikamana na mate yako, na mafuta yaliyomo hufunika ulimi. Uchungu haufi. Unarudi nyuma hatua mbili tatu, ukasikika mwishoni mwa tonge badala ya mwanzo.

Jirani yangu alinionyesha hivi. Kwanza uchambue kwa makini. Majani na vichwa vichanga ndivyo vya kula, mabua magumu hutupwa, na fungu linaloonekana kubwa sokoni litabaki kiganja kizuri tu. (Anayepikia watu sita asinunue mafungu mawili akadhani amefanya kitu.) Maua yanayoanza kuchanua yatoe, kwa kuwa mmea ukishaanza kutoa maua majani yake huzidi uchungu. Osha mara kadhaa, maana utomvu ule unashika mchanga. Usikate vipande vidogo vidogo kama kabichi. Kila unapokata unauchokoza ule ukali, na jani la mgagani ni laini kiasi cha kutohitaji kisu kabisa. Vunja kwa mkono inatosha.

Maji kidogo yachemke kwanza, ndipo majani yaingie, sufuria ikiwa wazi. Wacha yachemke dakika kumi hadi kumi na tano mpaka yalainike. Hapa ndipo anayeogopa sana uchungu anaruhusiwa kumwaga maji, mara moja, asirudie. Kisha tia maziwa mabichi kiasi cha kufunika nusu ya majani, punguza moto uwe wa chini kabisa, na subiri. Maziwa yanapungua, majani yanayanywa, unaongeza mengine. Jirani yangu hakuweka nyanya, akanieleza kwamba nyanya ina uchachu utakaoyakata maziwa. Chumvi ilikuja mwishoni, pamoja na kijiko cha samli. Kwao Rorya, alisema, mboga hii haimalizwi siku hiyo. Inalala chunguni, kesho inaongezewa maziwa na kupashwa moto, keshokutwa vivyo hivyo, na ya siku ya tatu ndiyo inayogombewa na watoto. Kwa wasio na ubaridi wa usiku wa bara, wala chungu cha kupashwa asubuhi na jioni bila kukosa, nashauri siku zote hizo iwe ndani ya jokofu.

Wengine huchanganya. Mgagani sehemu moja, mnavu sehemu moja, mchicha au majani ya kunde sehemu moja. Ni werevu wa zamani: mchicha unaleta ulaini, kunde zinaleta uzito, mgagani unaleta kitu cha kukumbukwa. Kwa anayeonja mara ya kwanza, huu ndio mlango ninaoupendekeza.

Halafu kuna magadi. Magharibi mwa Kenya wapishi wengi hutia magadi, au maji yaliyochujwa kutoka kwenye majivu ya mimea, ili majani yalainike upesi na rangi ya kijani isikwajuke. Yote mawili ni kweli, na kuna faida ya tatu isiyotajwa sana: magadi hupunguza uchachu, hivyo maziwa hayakatiki. Gharama yake ni kwamba hali hiyo ya magadi huangamiza vitamini C na baadhi ya vitamini B. Ncha ya kijiko cha chai kwa sufuria ya familia inatosha, na ukizidisha utakula mboga yenye ladha ya sabuni. Mimi siyatumii. Sioni sababu ya kuharakisha mboga ambayo uzuri wake wote umo katika kungoja.

Tukiliacha eneo la maziwa tukaingia Usukuma na Unyamwezi, mpatanishi anabadilika, anakuwa karanga. Karanga hukaangwa kidogo, zikasagwa au kutwangwa, zikakorogwa kwa maji ya uvuguvugu na kumiminwa juu ya majani yaliyokwisha kuchemka. Moto uwe mdogo na mwiko usitulie, kwa kuwa karanga hushika chini ya sufuria ukigeuza shingo. Huko ndiko pia kwenye nsansa, majani yaliyopitishwa motoni na kuanikwa hadi yakawa meusi na makavu, akiba ya miezi isiyo na mvua. Nsansa ya mgagani hulowekwa kwanza, hupikwa kwa muda mrefu zaidi ya majani mabichi, na ladha yake ni nzito, ya chini, haina ule ukali wa puani hata kidogo. Ugali wa mtama ndio mwenzake. Mkazi wa Dar es Salaam mwenye ndugu Shinyanga au Tabora amtumie ujumbe leo. Nsansa ni nyepesi, haiharibiki njiani, na hakuna zawadi rahisi zaidi ya hiyo kutoka bara.

Na sisi wa pwani? Ajabu ni kwamba tuna kila kinachohitajika tangu zamani. Tui la nazi lina mafuta mengi kuliko maziwa ya ng'ombe, na tunajua kulitumia kuvituliza vikali kuliko mgagani. Kisamvu chenyewe tunakitwanga na kukichemsha muda mrefu ili kitoe sumu yake, kisha tunakitia nazi na kukiita chakula cha wageni. Niliupika mgagani kwa namna hiyo hiyo na sijaona haja ya kubadilisha. Nazi moja kubwa, ikunwe, ikamuliwe tui zito likae pembeni, kisha tui jepesi mara mbili. Majani yachemke katika maji kidogo hadi yalainike, maji yanayobaki yaachwe humo humo. Tia tui jepesi, kitunguu maji kilichokatwa, pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, na kaa wa kukaanga au dagaa wa kuchomwa waliotolewa vichwa, kama unavyo. Acha lichemke taratibu hadi lipungue. Tui zito liingie mwishoni, ukoroge upande mmoja bila kuacha lisije likakatika, na epua mara linapoanza kutokota. Ndimu ikamuliwe mezani, kila mtu kwenye sahani yake.

Hiyo ndimu haikuwekwa kwa urembo. Watu wanaousifu mgagani hupenda kutaja madini ya chuma, na ni kweli yamo. Lakini kiasi chake hutofautiana sana. Katika kitabu chao kuhusu mmea huu, kilichotolewa na taasisi ya kimataifa ya rasilimali za kijenetiki za mimea, IPGRI, mwaka 1997, James Chweya na mwenzake Mnzava walikusanya vipimo vya watafiti mbalimbali: gramu 100 za majani mabichi zina chuma kati ya miligramu 1 na 11, na protini kati ya gramu 3.1 na 7.7. Kutoka 1 hadi 11 si tofauti ndogo. Udongo, umri wa jani na aina ya mbegu vyote vina sauti. Zaidi ya hapo, chuma cha majani hakipokelewi na mwili kwa wepesi kama cha nyama au samaki. Tanini hukizuia, na kalsiamu ya maziwa nayo hukizuia kiasi fulani katika mlo mmoja. Kwa hiyo yale maziwa yanayoufanya mgagani ulike yanapunguza faida moja ya mgagani. Vitamini C hufanya kinyume: huufungulia mwili mlango wa chuma. Ndimu isiyopikwa, chungwa baada ya chakula, kachumbari pembeni, vyote vinafanya kazi hiyo. Mpishi wa maziwa asitie ndimu sufuriani, atapata jibini, ila hakuna anayemzuia kumenya chungwa baadaye.

Natamani tuishie hapo kwenye habari za afya. Siku hizi ukitaja mboga yoyote ya kienyeji, kabla hujamaliza sentensi mtu amekwisha kuigeuza dawa: ya sukari, ya presha, ya nguvu za kiume. Mgagani umekaushwa, umesagwa, umetiwa kwenye vikopo na kuuzwa kwa bei ambayo ingenunua mafungu ya mwezi mzima. Mboga inayouzwa kwa kijiko hailiwi tena na nyumba nzima. Mgonjwa wa sukari aende kliniki, na jioni ale mgagani kwa sababu ni mtamu.

Kwamba mmea huu uliitwa gugu kwa miaka mingi ni habari inayosemwa sana, na vitabu vya kilimo kweli vimeuorodhesha miongoni mwa magugu ya mashambani. Si uongo kabisa. Mgagani huota wenyewe penye mbolea: kwenye zizi lililohamwa, jalalani, pembezoni mwa shamba la mahindi baada ya mvua za kwanza. Mkulima wa biashara anaung'oa, mama anayepita nyuma yake anauokota kwa ajili ya chakula cha mchana, na wote wawili wako sahihi. Kilichouondoa mezani mijini ni kingine. Kabichi na sukuma wiki zilikuja na mbegu za dukani, wataalamu wa kuzielekeza, na hadhi ya mambo ya kisasa; mboga za kuokotwa zikabaki na jina la chakula cha shida. Mtoto wa shule aliyebebeshwa mgagani kwenye chombo chake cha chakula alijua atachekwa.

Kenya ndiyo iliyoligeuza jambo hili kwa bidii zaidi katika ukanda wetu, na jina lisiloweza kurukwa ni la Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Alikulia magharibi mwa Kenya, na kwa kuwa mwili wake ulikataa mayai, samaki na maziwa, alilelewa kwa mboga za majani. Ukubwani akazifanya taaluma: mbegu zake, upandaji wake, virutubisho vyake, mgagani ukiwamo. Mwaka 2010 alipewa Tuzo ya Kisayansi ya Kwame Nkrumah ya Umoja wa Afrika. Wataalamu wa makumbusho ya taifa nao walikuwa wamekwisha kuorodhesha mimea ya chakula cha asili kitabuni mwaka 1999, na mwaka 2021 UNESCO ikaiingiza kazi ya Kenya ya kulinda vyakula vya asili katika rejesta yake ya mifano bora. Leo supamaketi za Nairobi zinauza managu (mnavu wetu) na saget pamoja na spinachi, mara nyingi kwa bei ya juu kuliko sukuma wiki. Upande wetu, Kituo cha Dunia cha Mboga kimekuwa na ofisi Arusha tangu miaka ya 1990, kikihifadhi na kuboresha mbegu za mboga za Kiafrika, mgagani miongoni mwake. Kazi ipo na mbegu zipo. Kinachokosekana ni mnunuzi wa Kariakoo, Dar es Salaam, au wa Ngamiani, Tanga, anayejua la kufanya akishafika nazo nyumbani.

Katika nyumba za vioo za Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mgagani hauna tatizo la kutafutiwa wapenzi. Mwaka 2005 Julian Hibberd na wenzake walichapisha makala wakipendekeza jamii ya mimea hii itumike kuchunguza namna ya usanisinuru iitwayo C4. Mimea mingi, mpunga ukiwamo, hupoteza nguvu katika joto kali kwa sababu kimeng'enya chake cha kunasa hewa ya ukaa hukosea na kunasa oksijeni. Mahindi, mtama, miwa na hata mchicha vimepata njia ya kulikwepa kosa hilo, na mgagani pia. Upekee wa mgagani ni kwamba wenzake wa karibu kiukoo hawana njia hiyo, hivyo wanasayansi wanaweza kuwalinganisha ndugu kwa ndugu na kuona ni jeni zipi zilizobadilika. Ndoto iliyo nyuma ya kazi hiyo ni mpunga unaozaa zaidi kwa maji machache. Mwaka 2023 ramani kamili ya jenomu ya mgagani ilichapishwa. Sina uhakika kama watafiti hao wamewahi kuuonja. Ningependa sana kuwatumia nazi.

Tabia hiyo ya C4 ndiyo inayoufanya upende jua kali na kukua kwa kasi. Kuupanda nyumbani hakuhitaji shamba. Ndoo iliyotobolewa chini, udongo na samadi iliyooza vizuri, mahali pasipo kivuli. Mbegu ni ndogo na nyeusi, hupandwa juu juu na kufunikwa kwa udongo mwembamba, kisha miche inapunguzwa isibanane. Haupendi kuhamishwa, kwa hiyo panda pale pale utakapokulia. Baada ya wiki nne hadi sita unaanza kuchuma. Adui ni maua: ukikosa maji utakimbilia kutoa maua, na ukishatoa maua majani yanapungua na kuwa machungu. Basi mwagilia bila kukosa na kata kichwa cha kila tawi kinapotaka kuchanua. Matawi ya pembeni yatatoka na utachuma kwa wiki kadhaa zaidi.

Acha shina moja au mawili yachanue na kuzaa, uvune mbegu maganda yakigeuka manjano kabla hayajapasuka yenyewe. Ila usizipande papo hapo. Mbegu mpya za mgagani hulala miezi kadhaa kabla ya kukubali kuota, na wengi hudhani wameuziwa mbegu mbovu. Unaponunua, muulize muuzaji zilivunwa lini. Akikuambia wiki iliyopita, nunua, zifunge kwenye karatasi mahali pakavu, na uzisubirishe hadi masika.